WAFULA WA MBALE NA WAFULA WA BUNGOMA

Mto Namatala huteremka kutoka Mlima Masaba, ambao ramani nyingi huuita Elgon, ukapita kando ya Mbale na kuingia katika mabonde ya mpunga kabla ya kuufikia mto Mpologoma. Katika mtaa uliopewa jina la mto huo, Wagisu, Wagwere, Waiteso na Wakaramoja huishi mlango kwa mlango. Ukisimama hapo ukaita "Wafula!", hapana shaka watageuka watu zaidi ya mmoja. Liite jina hilo hilo huko Jinja, au ng'ambo ya mpaka katika Bungoma na Kitale, nako utaitikiwa. Je, hao wote ni wa ukoo mmoja?

Swali hili si la kupitishia wakati. Karani wa kikosi hulikabili afunguapo jalada la askari aliyefariki na kuona kwamba marehemu aliitwa Wafula, mwanawe wa kwanza ni Wekesa, wa pili ni Simiyu, na binti yake ni Nanjala. Karani asiyezijua mila za mlima huo atashuku udanganyifu, na mjane atarudishwa nyumbani akatafute barua nyingine. Kadhalika askari polisi aweza kuwakamata Wanjala wawili akawadhania ndugu, kumbe hawajapata kuonana.

Ukweli ni kwamba Wafula halikuwa jina la ukoo hata kidogo. Lilikuwa habari ya siku ya kuzaliwa. Kwa Kimasaba, "ifula" ni mvua, na msikilizaji mwangalifu atatambua kwamba neno hilo na "mvua" yetu ni ndugu wa damu. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Wafula, na wa kike Nafula. Aliyezaliwa wakati wa palizi ni Wanyonyi. Wakati wa mavuno, Wekesa, na dada yake Nekesa. Wakati wa kiangazi, Simiyu na Nasimiyu. Aliyekuja njaa ikiwa nyumbani ni Wanjala, ambaye upande wa Busia husikika pia kama Wanzala. Hivyo baba mmoja mwenye watoto watano aweza kuwa na kalenda nzima ya mkulima chini ya paa lake.

Hata hivyo, mtu asiharakishe kupiga hesabu za mwezi wa kuzaliwa. Majina ya wazee waliotangulia hurithiwa na wajukuu, kwa hiyo yuko Wafula aliyezaliwa ardhi ikiwa imepasuka kwa jua, kwa sababu babu yake ndiye aliyezaliwa mvuani.

Kuenea kwa majina haya pande mbili za mlima si ajabu. Wagisu wa Uganda na Wabukusu wa Kenya wana lugha zinazokaribiana sana, na wote hutahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Tena mpaka wenyewe ni mgeni: hadi mwaka 1902 nchi ya Bungoma ilihesabiwa katika himaya ya Uganda, kisha jimbo hilo la mashariki likahamishiwa upande wa pili. Watu walilala huku wakaamka kule bila kuhama nyumba. Ndiyo maana jina peke yake halimwambii mlinzi wa mpaka kitu chochote juu ya uraia wa mtu.

Basi ni nani aliyeligeuza jina la mvua kuwa jina la ukoo? Nionavyo mimi, ni daftari. Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka huo huo wa 1902, na kikosi chake cha nne kikawa cha Uganda, chenye makao Jinja. Reli iliyopita Mbale kuelekea Soroti ilifunguliwa mwaka 1929; bwawa la umeme la Jinja likafunguliwa mwaka 1954. Kila mahali palipokuwa na mshahara palikuwa na karani, na kila karani alitaka majina mawili: moja la mtu, jingine la nyuma. Kijana aliyebatizwa aliweka jina la dini mbele na jina lake la kuzaliwa nyuma. Mwanawe alipopelekwa shule, mwalimu naye akataka jina la baba. Hapo ndipo mvua ilipoanza kurithiwa.

Lakini urithi huo haujawa na kanuni moja. Tazama wanasoka wawili wa Kenya, wana wa mchezaji Noah Wanyama. Mkubwa, aliyekuwa na Inter ya Italia ilipotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010, dunia yamjua kwa jina la Mariga. Mdogo wake, aliyecheza Celtic, Southampton na Tottenham, yamjua kwa jina la Wanyama. Baba mmoja, majina mawili mgongoni. (Wale wanaocheka wakidhani Wanyama ni wingi wa mnyama wajue kwamba "wa" hiyo ni alama ya jina la mwanamume tu, kama "na" ilivyo ya mwanamke.) Naye Emmanuel Wanyonyi, aliyetwaa dhahabu ya mita 800 kule Paris mwaka 2024 kwa dakika 1 na sekunde 41.19, hana haja ya kuwa jamaa ya kila Wanyonyi aliyeko kambini.

Anayetaka kujua undugu wa kweli na aulize mtu ni wa ukoo gani, kwa maana ukoo ndio unaokataza kuoana, nao aghalabu hauandikwi katika jina.

Siku hizi kitambulisho cha taifa, kinachosimamiwa chini ya sheria ya usajili wa watu ya mwaka 2015, kina nafasi ya jina la ukoo, na wazazi wengi wameamua kuwapa watoto wote jina moja ili kuepuka usumbufu wa makarani. Matokeo yake ni kwamba mjini Mbale utamkuta msichana wa shule aitwaye Wafula. Bibi yake akisikia hushangaa, kwa maana kwake yeye mtoto huyo ameitwa mvulana.