Pengo si jambo la urembo tu

Wamama wenzetu, katika likelemba moja hapa Wamaza, mama mmoja alipofikiwa na zamu yake alisema: faranga hizi zinakwenda kwenye jino. Wengine walicheka. Walingoja aseme mbuzi, au mabati ya nyumba. Jino! Tena la nyuma, ambalo hakuna mtu analiona. Sisi tunaona hakukosea.

Meno hutegemeana kama matofali ya ukuta. Likitoka moja, yale ya pembeni huanza kuinama polepole kuelekea kwenye pengo. Lile la juu, lililokuwa likikutana nalo, hushuka kwa sababu hakuna la kulizuia. Kazi hiyo haiumi, ndiyo maana hatuioni. Miaka ikipita, meno yameachana, sombe na nyuzi za nyama zinakwama katikati, mswaki haufiki, na jino lililokuwa zima linaoza kwa sababu jirani yake aliondoka. Mfupa wa taya nao hupungua pale usipokuwa na jino la kushika. Ndiyo sababu mashavu ya mtu aliyepoteza meno mengi huingia ndani, hata kama si mzee.

Lakini kinachotusumbua zaidi ni sahani. Mama mwenye mapengo hasemi kwamba ameshindwa kutafuna nyama. Anasema tu siku hizi haipendi. Karanga anawaachia watoto. Muhindi wa kuchoma hataki. Anabaki na bugali na mchuzi, anameza. Tumbo linajaa, mwili haupati vya kuujenga, na pengine mama huyo ananyonyesha. Kabla jino halijapatikana, karanga zitwangwe ziingie kwenye sombe, nyama na samaki vikatwe vidogo. Asiviache.

Wengine husema kila mimba huondoka na jino. Si kweli, mtoto hachukui mifupa yake kwenye meno ya mama. Wakati wa mimba ufizi huvimba na kutoa damu kwa urahisi, na mama anayetapika huogopa mswaki. Akiacha kusafisha, hapo ndipo meno yanapoharibika.

Si kila pengo linahitaji kuzibwa. Jino la mwisho kabisa, lile la utu uzima, likitoka halidaiwi. Mtu mzima ana meno 32, na mwenye 20 yanayokutana vizuri bado anatafuna chakula karibu chote. Japani walianzisha kampeni mwaka 1989 wakiwaomba watu wafike miaka 80 wakiwa na meno 20 yao wenyewe. Basi kwa mwenye pengo moja, kutunza yaliyobaki ndiyo kazi ya kwanza.

Kung'olewa jino ni rahisi kuliko kuwekewa jingine. Kwa hilo la pili huenda safari ikafika Bukavu au Lubumbashi, kwa hiyo uliza bei yote kabla ya kuondoka. Yapo meno ya kuvaa na kuvua, ambayo bei yake huwa ndogo. Yapo yanayoshikizwa kwenye meno ya pembeni, na yapo yenye mzizi wa chuma unaopandwa ndani ya mfupa, ghali sana. Meno ya kuvaa huvuliwa usiku, husuguliwa kwa mswaki na sabuni, hulazwa ndani ya maji safi. Maji ya moto huyapinda. Na usikubali mtu akubandikie jino kwa gundi ya sokoni. Gundi hiyo inaunguza ufizi.

Sasa watoto, maana sisi walimu tunaona midomo yao kila asubuhi. Mtoto wa mwaka wa kwanza, akifika karibu miaka 6, huota gego nyuma ya meno ya utoto bila jingine kung'oka. Wazazi wengi hulidhani la utoto. Linaoza, wanasema litaota jingine. Haliotei jingine! Hilo ni la maisha, na mara nyingi ndilo pengo la kwanza la mtu mzima.

Jino moja tu tunaweza kulirudisha kwa mikono yetu: jino la ukubwani la mbele lililong'oka mtoto alipoanguka au kupigwa na mpira. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze haraka kwa maji safi bila kulisugua, lirudishe kwenye tundu lake, mtoto aume kitambaa safi. Ukishindwa, litie ndani ya maziwa. Kimbieni kwa muganga kabla saa moja haijaisha, maana kila dakika jino likikauka nafasi ya kushika tena inapungua. Jino la utoto usilirudishe; linaweza kuumiza lile linaloota chini yake.