Njia ya kufika meza ya upasuaji: maandalizi yaanze mapema



Likizo iliyopita kijana mmoja wa kambini anayesoma udaktari Kampala, mwaka wa nne, alinikuta nikizunguka nyumba kwa nyumba kuhamasisha chanjo. Akaniambia: "Kaka, nataka kuwa daktari bingwa wa upasuaji. Wenzangu wanasema mkimbizi asahau, nafasi ni chache na wenyeji wenyewe wanazigombania."

Mama yake alikuwa akitusikiliza. Mama huyo alipasuliwa ngiri iliyobana. Alifikishwa hospitali usiku, na angengoja mpaka asubuhi tusingekuwa naye leo. Akasema: "Mwanangu, yule daktari wa usiku ule naye hakuzaliwa na kisu mkononi. Alifundishwa."

Mimi nimeishia sekondari. Lakini niliwauliza madaktari wanaokuja kituoni kwetu, nikaandika waliyonieleza, kwa faida ya kijana huyo na wengine wanaomfuata.

Njia yenyewe ikoje?

Hapa Uganda shahada ya udaktari huchukua miaka 5. Baadaye kuna mwaka 1 wa mazoezi ya kazi hospitalini, halafu kusajiliwa na baraza la madaktari. Mbele ya hapo kuna milango miwili.

Mlango wa kwanza ni shahada ya uzamili ya upasuaji, miaka 3. Makerere, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924, wanafunzi wake hujifunzia hospitali ya Mulago.

Mlango wa pili ni COSECSA, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999. Hiki hakina madarasa yake. Daktari hufundishwa akiwa kazini, katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa. Miaka 2 ya mwanzo ni ya misingi, na anayetaka upasuaji wa jumla huongeza miaka 3.

Mwanafunzi afanye nini sasa?

1. Ajue mwili wa binadamu vizuri. Asiyejua mshipa unapopita atakata pasipotakiwa.

2. Aonekane wodini. Afike mapema, amfuate mgonjwa kabla ya upasuaji, ndani ya chumba, na siku zinazofuata mpaka kidonda kifunge. Mwalimu humwandikia barua nzuri mwanafunzi anayemfahamu kwa kazi yake.

3. Afanye mazoezi ya mikono. Kufunga fundo kwa uzi unaweza kujifunzia kwenye mguu wa meza, kila jioni. Hakugharimu kitu.

4. Awe na daftari. Kila upasuaji aliouona au kusaidia auandike: tarehe, ugonjwa, yeye alifanya nini, mgonjwa aliendeleaje. Jina la mgonjwa asiliandike.

5. Ajifunze usalama. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limetoa orodha ya kukagua mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Yeye mwenyewe achanjwe dhidi ya homa ya ini aina ya B. Akichomwa na sindano iliyotumika, atoe taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanzwa haraka, na isizidi saa 72.

6. Ajifunze kuuliza maswali. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, aliona mtoto mwenye uvimbe kwenye taya za pande zote mbili. Baadaye kidogo akaona mwingine Jinja. Hakuishia kushangaa. Aliandikia hospitali nyingine barua, akachora ramani, na mwaka 1961 akasafiri na wenzake wawili kwa gari karibu kilomita 16,000 kutafuta ugonjwa huo uko wapi. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake. Alianza kwa kuangalia vizuri mtoto mmoja.

Mkimbizi aangalie nini zaidi?

Karatasi! Jina kwenye kitambulisho cha mkimbizi, cheti cha sekondari na cheti cha chuo lilingane. Herufi moja tu inaweza kukuzuia. Aliyemaliza sekondari Kongo au kwingine apeleke cheti chake kulinganishwa na UNEB. Shahada za nje hulinganishwa na NCHE. Msirekebishe mambo haya wiki ya kuomba.

Kuhusu ada, ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992, ni wa shahada ya kwanza. Uliza mapema kama kozi unayotaka imo. Kwa ubingwa, omba zaidi ya mlango mmoja, na uulize nani analipa kabla ya kukubali nafasi.

Ukihesabu, ni miaka 9 mpaka 11 tangu kuingia chuo. Ni mingi, lakini haba na haba hujaza kibaba. Yule kijana amerudi Kampala na daftari jipya, na uzi alioupata kwa fundi cherehani wa soko letu.

Na wewe mzazi mwenye ngiri, usimngoje yeye amalize shule. Uvimbe ukigoma kurudi ndani, ukiuma sana au ukianza kutapika, usikae nyumbani. Njoo kituoni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Afya njema kwenu nyote.