Kanyangi: Biashara inayotembea kwa miguu yenye ganzi

Katika kemisti za soko la Kanyangi, ni nadra mteja kuomba vitamini kwa jina. Haulizi B1, B6 wala B12. Anasema miguu inawaka moto usiku, vidole vimekufa ganzi, naye anataka “zile za neva”. Mara nyingi anachopewa ni kidonge kimoja kilichochanganya hizo tatu, na hapa Kitui Vijijini, kama ilivyo ng’ambo ya Mto Athi upande wa Makueni, idadi huamuliwa na mfuko wala si cheti cha daktari. Mwenye nacho huchukua pakiti nzima. Wengine huomba vinne.

Hivyo vinne ndivyo vinavyoibeba biashara, na ndivyo vinavyoitia doa. Aliyepungukiwa na B12 hatibiwi kwa siku nne; huhitaji wiki, pengine miezi, na ambaye tumbo lake limeshindwa kuifyonza huenda akahitaji sindano. Ila vinne vikiisha na miguu ingali inachoma, mteja halaumu dozi. Analaumu duka.

Muuzaji mmoja, aliyezungumza kwa masharti kwamba jina lake lisitajwe, ana uchungu mwingine kabisa. Analipia leseni ya kaunti, kodi ya chumba na mshahara wa mtaalamu wa dawa aliyesajiliwa. Siku ya soko ikifika, gari lenye kipaza sauti huegeshwa hatua chache kutoka mlangoni pake na mchuuzi kuanza kunadi chupa za tembe anazodai husafisha neva, figo na damu, na kurudisha nguvu za kiume juu yake. Chupa moja ina bei inayoshinda mauzo yake ya vitamini ya siku nzima, anasema, na bado watu hupanga foleni. Jioni gari limeshaondoka. Wakaguzi wakija, wanaifahamu njia moja tu: ya kwenye duka lenye bango. Anadai pia kwamba wasambazaji huyatupia masoko madogo kama hili mizigo iliyobakiza miezi michache kuisha muda, na kwamba kurudisha kilichododa ni vita. Wasambazaji, bila shaka, wana hadithi yao.

Afisa mmoja wa afya haoni tatizo kubwa. Anasema wanaostahili vitamini huzipata bure katika vituo vya umma: wajawazito hupewa madini ya chuma na asidi ya foliki, na wanaotibiwa kifua kikuu hupewa B6, kwa kuwa isoniazidi, mojawapo ya dawa zao, huipunguza vitamini hiyo mwilini na kuumiza neva. Kwenye karatasi hayo ni kweli. Lakini mteja mkubwa wa kemisti za huku, kwa maelezo ya wauzaji wenyewe, si mjamzito wala hana kifua kikuu. Ni mzee wa kisukari. Ugonjwa wenyewe hula neva za miguu, na metformini anayomeza kila siku, ikitumiwa miaka mingi, inaweza kushusha B12. Ganzi yake inatokana na kipi? Kipimo cha damu kingesaidia kujibu, ila kupima B12 si kazi ya zahanati ya kijijini. Nauli na ada ya maabara ya mjini hununua vidonge vingi, kwa hiyo mzee hununua vidonge.

Hapo ndipo penye hatari isiyotangazwa kwa kipaza sauti chochote. B6 ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi ileile iliyompeleka mtu dukani. Anayerudi akilalamika huuziwa nyingine.

Afisa huyo alitaja pia unga. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti utiwe vitamini za kundi B na madini. Sawa, lakini familia nyingi huku hupeleka mahindi yao kwenye kinu cha posho, na unga unaotoka pale haujaongezwa kitu. Kuna na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa: kukoboa huondoa makapi na kiini, mlimo na sehemu kubwa ya B1. Ndengu ingefidia hilo, maana ina B1 na foliki ya kutosha, ingawa B12 haina. Hiyo hutoka kwenye nyama, maziwa na mayai. Lakini ndengu ndiyo pesa ya Kitui. Gunia huuzwa kwa dalali, na sehemu ya malipo hurudi kaunta ya kemisti kununua B1 ya kidonge.

Ndiyo maana wauzaji huisoma biashara hii mawinguni. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikishika, mauzo huchangamka baada ya mavuno. Zikikosa, vinne vinakuwa viwili. Kwamba dawa za bure zitapunguza wateja, muuzaji wetu hana hofu hiyo, labda mapema mno. Kinachomkosesha usingizi ni zile chupa. Wateja wake sasa huja wakiziulizia kwa rangi ya kifuniko, naye amekwisha kumuuliza wakala wake kama anaweza kumletea katoni moja.