De La Soul na Albamu ya Vipande vya Santuri

Albamu ya 3 Feet High and Rising, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Tommy Boy ya New York, huhesabiwa miongoni mwa nguzo za hip-hop mbadala, yaani tawi la muziki wa kufokafoka lililokataa kufungwa na mavazi, mada na midundo iliyokwisha kuzoeleka. Kundi la De La Soul lililoirekodi, ambalo ni Kelvin Mercer, David Jolicoeur na Vincent Mason, lilitoka Amityville, kitongoji cha Long Island, na wakati marapa wengi wakijitambulisha kwa minyororo ya dhahabu na majigambo, wao walikuja na maua, mizaha na mafumbo ambayo mengine, bila shaka, waliyaelewa wenyewe tu.

Ubunifu wa albamu hiyo umo hasa katika sampuli, yaani kipande cha sauti kinachokatwa kutoka rekodi ya zamani na kurudiwarudiwa kwa mashine mpaka kiwe msingi wa wimbo mpya. Kundi hilo na mtayarishaji wao, Prince Paul, hawakuiacha fanki iliyopendwa na watangulizi wao, kwani wimbo wa Me Myself and I umejengwa juu ya muziki wa bendi ya Funkadelic, lakini walichota pia kwa Steely Dan, kwa Hall & Oates, kwa mwimbaji wa kantri Johnny Cash, ambaye wimbo wake ndio chimbuko la jina la albamu, na hata katika santuri ya kufundishia Kifaransa. Baina ya nyimbo waliweka maigizo mafupi ya kuchekesha, desturi iliyoigwa mno katika miaka ya 1990, mara nyingi bila ucheshi wowote.

Santuri hiyo ya Kifaransa ndiyo iliyozaa matata, kwa kuwa katika Transmitting Live from Mars, wimbo mfupi wa dakika moja hivi, sauti yake ilipachikwa juu ya kipande cha muziki wa The Turtles kilichotumika bila idhini, na wanamuziki wawili wa bendi hiyo wakafungua kesi iliyomalizwa nje ya mahakama. Mwaka 1991 mahakama ya New York ilitoa uamuzi dhidi ya rapa Biz Markie katika shauri kama hilo, na tangu hapo kurundika sampuli kwa namna ile kukawa ghali kupita kiasi.

Athari ya sampuli hizo haikuishia hapo. Vibali vya sampuli vilivyoandikwa enzi za kaseti havikugusia intaneti waziwazi, hivyo albamu ikakosekana katika huduma za kusikiliza muziki mtandaoni kwa miaka mingi, kiasi kwamba mwaka 2014 kundi lenyewe liliwagawia mashabiki kazi zake bure kwa muda wa takriban siku moja. Albamu ilipatikana rasmi katika huduma hizo tarehe 3 Machi 2023, baada ya kampuni ya Reservoir kuinunua Tommy Boy, na wiki tatu tu baada ya Jolicoeur kufariki dunia.