Ajali barabarani: Fidia huanzia kwa daktari, si kwa wakili

Na Daktari Wetu, VOI

MTU anapoumia katika ajali, jambo la kwanza ni kuokoa maisha yake na la pili ni kumtibu. Hilo halina mjadala. Lakini kuna jambo la tatu ambalo majeruhi wengi hulikumbuka baada ya miezi kadhaa, wakati plasta imeshatolewa, kibarua kimeota nyasi na deni la matibabu lingali linasubiri. Jambo hilo ni fidia.

Hapa Voi suala hili linatuhusu sana. Mji wetu umekaa kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na hapa ndipo inapochepuka ile ya kwenda Mwatate, Bura, Maktau hadi Taveta. Malori ya masafa marefu, mabasi ya usiku, matatu na bodaboda hugombania lami moja, na mara nyingine ndovu wa Tsavo nao huvuka.

Wengi hudhani kuwa fidia ni kazi ya wakili peke yake. Ukweli ni kwamba wakili hujenga kesi kwa matofali anayopewa, na mengi ya matofali hayo hufyatuliwa katika chumba cha majeruhi, siku ile ile ya ajali. Lisiloandikwa siku hiyo ni vigumu kulithibitisha mbele ya hakimu miaka miwili baadaye.

Ulipanda gari gani?

Watu wengi wa kaunti yetu husafiri kwa magari madogo ya kuchangia nauli, yakiwemo yale ya probox, au kwa bodaboda. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inamlazimu kila mwenye gari au pikipiki kuwa na bima ya kuwakinga watu wengine. Chombo kikibeba abiria wanaolipa, bima hiyo ni lazima iwakinge abiria hao pia.

Tatizo ni kwamba gari la kuchangia huweza kuwa limekatiwa bima ya matumizi ya kibinafsi tu. Ajali ikitokea, kampuni ya bima huweza kukataa kulipa ikidai haikuelezwa kuwa gari hilo lilibeba watu kwa nauli. Hapo mzigo humwangukia mwenye gari, ambaye pengine hana mali nyingine ila hilo gari lililopondeka.

Kwa hivyo, ukiwa na nguvu, au jamaa yako akiwa nazo, andikeni nambari ya usajili pamoja na jina la kampuni ya bima na nambari ya cheti kilichobandikwa kwenye kioo. Picha ya simu inatosha. Kwa nambari hiyo ya usajili wakili ataweza kupata kutoka NTSA rekodi ya mwenye gari. Kumbukeni pia kuchukua majina ya abiria wenzenu walioshuhudia.

Siku ya kwanza hospitalini

Usiogope kwenda hospitali kwa kukosa pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Ukifika, taja kila mahali panapouma, hata pale unapoona haya kupataja. Aliyevunjika mguu aghalabu husahau kwamba bega nalo linauma, na bega lisipoandikwa, upande wa pili utasema liliumia shambani. Eleza kama ulikuwa abiria, dereva au mpita njia. Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho. Jina la utani kwenye kadi ya hospitali huweza kuleta ubishi mkubwa kortini.

Mgonjwa akipelekwa kutoka Taveta au Wesu hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi, kisha akasukumwa hadi Mombasa, kila kituo kina sehemu yake ya habari. Chukua barua ya rufaa, kadi ya matibabu, picha za eksirei na maelezo ya kuruhusiwa kutoka wodini.

Na risiti je? Zihifadhi zote, za dawa, magongo, hata za gari lililokupeleka kliniki. Gharama ulizokwisha kutumia ni lazima zitajwe bayana katika madai na kuthibitishwa moja moja. Hakimu hawezi kukulipa elfu arobaini kwa sababu unasema ulitumia elfu arobaini.

Ripoti kwa polisi, upewe nambari ya OB, na baadaye uombe abstrakti ya polisi na fomu ya P3. Fomu hiyo ijazwe na daktari mapema, kabla ya majeraha kupona na alama kufutika.

Maumivu yanayochelewa

Si kila jeraha hujitokeza siku ya kwanza. Mtu aliyerushwa na pikipiki akajikinga kwa kiganja huweza kuvunja mfupa mdogo ulio kwenye kifundo cha mkono, na picha ya siku hiyo isionyeshe lolote. Maumivu yakiendelea upande wa kidole gumba, picha hurudiwa baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Mfupa huo ukipuuzwa huweza kukosa kuunga, na mkono ukadhoofika daima.

Hatari zaidi ni kichwa. Damu huweza kuvuja polepole chini ya fuvu na dalili zikatokea baada ya wiki kadhaa, hasa kwa wazee: kuumwa kichwa, kusahau, kusinzia ovyo au kudhoofika upande mmoja. Bandama nayo huweza kupasuka na kuvuja damu siku kadhaa baada ya tumbo kugongwa. Dalili hizi zikitokea, rudi hospitali upesi, hata ukiambiwa awali kwamba u mzima. Ni kwa ajili ya uhai wako kwanza, na kurudi huko kutaandikwa.

Wapo pia wanaoshindwa kulala, au wanaotetemeka kila wakisikia honi ya lori. Huo ni ugonjwa halisi, unatibika, na unastahili kuandikwa kama mfupa uliovunjika.

Kazi ya daktari, kazi ya wakili

Wakili atakutuma kwa daktari akupime na kuandika ripoti: majeraha, matibabu, ulemavu uliobaki na gharama zijazo. Kama umewekewa chuma mguuni ambacho kitatolewa baadaye, gharama ya upasuaji huo itajwe mapema, kwa kuwa nayo hudaiwa. Kampuni ya bima nayo huweza kukupeleka kwa daktari wake.

Kuna wanaotaka ripoti itiwe chumvi. Daktari huweza kuitwa kortini kuapa juu ya kila alichoandika, na uongo mmoja ukigunduliwa huharibu ukweli wote. Kama hukuvaa helmeti au mkanda, sema hivyo. Korti huweza kupunguza fidia kwa uzembe wako, lakini kupunguziwa si sawa na kutupiliwa mbali kwa kusema uongo.

Usikawie, usikurupuke

Sheria inakupa miaka mitatu tangu siku ya ajali kufungua kesi ya madhara kama haya. Kama gari ni la Serikali, muda ni miezi kumi na miwili tu. Mwone wakili mapema.

Hata hivyo, usikimbilie kumaliza madai. Mtu huletewa karatasi na pesa kidogo angali kitandani. Akitia sahihi kwamba hadai tena, kisha mguu ukakataa kuunga, kurudi nyuma ni kazi ngumu. Muulize daktari wako kwanza: je, jeraha hili limefika mwisho wake? Jua pia kwamba Sura ya 405 inailazimu kampuni ya bima kulipa hadi Sh3 milioni kwa mdai mmoja. Kinachozidi hapo hudaiwa kwa mwenye gari.

Jihadhari na mabroka wanaozunguka wodini wakitafutia mawakili wateja. Chagua wakili mwenyewe, na uulize Chama cha Mawakili nchini (LSK) kama ana leseni ya mwaka huu. Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya kumlipa wakili pindi tu kesi ikishinda. Andikianeni ada tangu mwanzo. Ukidhulumiwa, ipo Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili.

Fidia hairudishi mguu uliokatwa. Lakini huweza kulipa karo ya mtoto ambaye baba yake hawezi tena kupanda ngazi ya mjengo. Basi tafuta bahasha moja ngumu, tia ndani kila karatasi tangu siku ya kwanza, na umpe mtu wa nyumbani unayemwamini aihifadhi.