Thange Inahitaji Daftari la Afya la Miaka Thelathini

Mei 2015, wakazi wa bonde la Thange huko Kibwezi, Kaunti ya Makueni, walikuta mafuta katika maji yao. Bomba la kwanza la kusafirisha mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, la kampuni ya Kenya Pipeline, lililoanza kazi mwaka 1978, lilikuwa limevuja chini ya ardhi. Julai 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamuru wakazi zaidi ya 3,000 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 3.8.

Kati ya tarehe hizo mbili ipo miaka kumi. Wanasheria huihesabu miaka hiyo kwa vikao vya kesi. Sisi tunaofuatilia magonjwa tunaihesabu kwa namna nyingine, kwa sababu saratani ya damu inayoletwa na benzini, kemikali iliyomo katika mafuta, inaweza kujitokeza miaka miwili baada ya mtu kunywa maji machafu, au mitano, au kumi na mitano. Hukumu imesema nani alidhulumiwa. Haiwezi kusema nani ataugua. Jibu hilo hupatikana kwa njia moja tu: watu wote waandikwe majina, kisha wafuatiliwe mwaka baada ya mwaka.

Kwanza tuelewe kilichotokea ardhini. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Yakivuja hushuka kupitia udongo mpaka yakutane na maji ya chini, na hapo huelea juu yake huku yakisambaa kufuata mkondo. Sehemu yake huyeyuka na kuchanganyika na maji yenyewe: benzini, toluini, zailini na jamaa zao. Katika Ukambani jambo hili lina uzito wa pekee. Kiangazi kikikaza, mito ya Makueni na Kitui hukauka juu, na watu huchimba mchangani kutafuta maji yaliyojificha. Mchanga huo ni rafiki mkubwa wa mkulima, maana huchuja tope na kuzuia maji yasikaushwe na jua. Lakini mchanga huohuo hushika mafuta kati ya punje zake, na mvua ikinyesha huyaachia tena kidogo kidogo. Ndiyo sababu bomba linaweza kuzibwa leo na kisima kikaendelea kutoa maji mabaya miaka mingi baadaye.

Pua na ulimi si vipimo vya kutegemewa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza benzini katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Ulimi wa binadamu huanza kuihisi ikiwa imefika mikrogramu 500 au zaidi. Hapo katikati mama anaweza kuteka maji, akayaonja, akayaona mazuri, akampa mtoto, kumbe yamepita kiwango cha usalama mara kumi au ishirini. Kuyachemsha nako si dawa, kwa sababu benzini hutoka na mvuke, na anayeuvuta ni yule yule aliyesimama jikoni. Klorini huua vijidudu. Haigusi mafuta.

Benzini ikiingia mwilini huvunjwavunjwa na ini, na mabaki yake hushambulia uboho, yaani kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa. Matokeo yake ni upungufu wa damu, kinga dhaifu, na kwa baadhi ya watu saratani ya damu. Sasa, hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Benzini haikai mwilini. Baada ya siku chache mkojo na damu havina dalili yake tena. Mkazi wa Thange akipimwa leo na benzini isionekane, kipimo hicho hakisemi chochote kuhusu alichokunywa mwaka 2015. Anayekitumia kumwambia mtu kwamba hakudhurika anapotosha, hata kama hakukusudia.

Risasi, madini yaliyotajwa mara nyingi katika malalamiko ya Thange, ina tabia tofauti. Nusu yake huondoka kwenye damu kwa takriban mwezi mmoja, lakini nyingine huhamia kwenye mifupa na kukaa huko miongo kadhaa, kisha hurudi kwenye damu wakati wa ujauzito au uzee. Kenya iliacha kutumia petroli yenye risasi mwishoni mwa mwaka 2005. Kwa hiyo risasi ikikutwa kwa mtu wa Thange, mtafiti mwadilifu lazima aulize maswali mengine pia. Je, ni mabaki ya uvujaji wa zamani? Ni rangi za nyumba, sufuria za kienyeji, au betri chakavu? Kuuliza hivyo si kumtetea aliyemwaga mafuta. Ni kuhakikisha mgonjwa anatibiwa chanzo halisi cha ugonjwa wake.

Duniani, miongoni mwa jamii ambazo maji yao yaliingia mafuta zikafuatiliwa kwa muda mrefu ni jamii za wanajeshi. Katika kambi ya Camp Lejeune, jimbo la North Carolina nchini Marekani, askari wa Marine na familia zao walikunywa maji yenye sumu kuanzia mwaka 1953 hadi miaka ya 1980. Sehemu ya sumu hiyo ilikuwa mafuta yaliyovuja kwenye matangi ya kambi, na sehemu nyingine viyeyushi vya kusafishia nguo na mitambo. Inakadiriwa waliopitia hapo katika kipindi hicho ni hadi watu milioni moja. Novemba 2021 mafuta ya ndege yaliingia katika mfumo wa maji wa Jeshi la Wanamaji huko Hawaii, kutoka bohari ya Red Hill, mfumo uliokuwa ukihudumia watu wapatao 93,000. Safari hii daftari la afya lilifunguliwa mapema, na Chuo Kikuu cha Hawaii kikapewa kazi ya kuwaandikisha na kuwafuatilia walioathirika.

Kwa nini wanajeshi? Kwa sababu jeshi huandika kila kitu. Askari ana namba. Kuna kumbukumbu ya siku aliyoingia kambini, nyumba aliyopewa, siku aliyohamishwa. Kwa Camp Lejeune wataalamu walichukua kumbukumbu hizo, wakajenga hesabu za mwendo wa maji ya chini ili kukadiria kila mtaa ulipata sumu kiasi gani, mwezi kwa mwezi, miaka ya nyuma ambayo hakuna aliyepima. Kisha wakawalinganisha askari hao na wenzao wa Camp Pendleton, California, waliofanya kazi ileile lakini hawakunywa maji yale. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulikuta kwamba waliotumikia Lejeune walikuwa na hatari zaidi, kwa asilimia 20 au kupita hapo, ya kupata baadhi ya saratani, zikiwemo aina kadhaa za saratani ya damu. Visima vibaya zaidi vilikuwa vimefungwa kufikia mwaka 1985, kwa hiyo ushahidi huo ulichukua karibu miaka 40 kukamilika.

Mwanakijiji wa Thange hana namba ya jeshi. Anayo, hata hivyo, orodha. Majina yale zaidi ya 3,000 yaliyofikishwa mahakamani ni mwanzo wa daftari, na ninaona ni hasara kubwa yakiishia kwenye hundi za malipo. Orodha hiyo iongezewe watoto waliokuwa tumboni, vibarua waliokuja kulima bondeni wakaondoka, na mabinti walioolewa mbali. Hao ndio husahaulika, na bila wao hesabu huenda kombo.

Daftari linahitaji pia watu wa kulinganishwa nao. Hapa Kitui inaweza kusaidia. Ng'ambo ya Mto Athi, pande za Mutomo, wanaishi Wakamba wanaolima mahindi, kunde na ndengu kwenye ardhi kavu kama ya Kibwezi, wanaochota maji mchangani vilevile, ila bila bomba la mafuta. Kijiji kingine kichaguliwe kandokando ya barabara kuu ya Mombasa, ili madhara ya moshi wa malori yasije yakabebeshwa mafuta ya Thange, au kinyume chake. Kiboko isiwe miongoni mwa vijiji hivyo, kwa kuwa nako mafuta yalivuja mwaka 2019, kutoka bomba jipya.

Tena kuna jambo ambalo mtafiti wa kutoka nje angeweza kulipita. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu, ile aflatoksini, yaliwaletea watu 317 ugonjwa wa ini, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Sumukuvu husababisha saratani ya ini. Asiyekumbuka mwaka ule anaweza kuyatupia mafuta kila ini lililoharibika, na wakili wa upande wa pili akalitumia kosa hilo kuangusha hoja nzima. Kila aliyeandikwa lazima aulizwe anahifadhi vipi mahindi yake.

Uwezo wa kufanya kazi hii tunao. Huko Kilifi, taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na washirika wake wamekuwa wakifuatilia kaya tangu mwaka 2000, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki na kwa nini. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa nchi nzima mwaka 2023, hutembelea nyumba hadi nyumba tayari. Maswali machache kuhusu kisima alichotumia mtu na mwaka alioacha kukitumia yangeweza kuingizwa katika kazi yao ya kawaida. Sajili ya taifa ya saratani ipo. Kinachokosekana ni uzi wa kuviunganisha vitu hivi na jina la Thange.

Kaunti ya Makueni isingoje amri nyingine ya mahakama. Ifungue daftari la miaka thelathini mwaka huu, data zikae kwa taasisi isiyo na maslahi katika bomba, na gharama zilipwe na aliyechafua.

Nawe msomaji wa Thange, au uliyewahi kuishi huko: usitupe kadi ya kliniki wala karatasi ya vipimo, hata iliyochakaa. Andika visima ulivyotumia na miaka yake. Kila uendapo hospitalini, iwe Makindu, Wote au Nairobi, mwambie daktari kwamba ulikunywa maji ya Thange, na umwombe kipimo cha kuhesabu chembe za damu walau mara moja kwa mwaka.