Seri: metali ya cheche yenye sumaku za kunyamazishwa

Je, wajua kwamba "jiwe" la kiberiti cha gesi si jiwe? Viberiti hivyo vimejaa madukani, kuanzia Base Camp ya Nakivale hadi Mbarara mjini, na ndani ya kila kimoja mna kijipande cheusi kinachokwaruzwa na gurudumu. Hicho ni aloi ya chuma na seri pamoja na ndugu zake, iliyobuniwa mwaka 1903 na Mwaustria Carl Auer von Welsbach. Seri ikikwanguliwa, chembe zake huwaka zenyewe hewani.

Elementi hii namba 58 ilitambuliwa mwaka 1803, Sweden na Ujerumani kwa wakati mmoja. Imewekwa katika kundi la metali adimu, ingawa kwa wingi ardhini inakaribiana na shaba. Huku kwetu ipo Gakara, Burundi, na katika udongo wa Makuutu, mashariki mwa Uganda.

Cheche ni kipaji chake kimoja tu. Ndani kabisa ya atomi ya seri hukaa elektroni moja ya pekee, nayo huigeuza atomi nzima kuwa sumaku ndogo. Ukiyeyusha seri pamoja na metali nyingine iitwayo indi, kwa kiasi cha atomi 1 ya seri kwa 3 za indi, hupatikana fuwele yenye mpangilio wa mchemraba: seri kwenye pembe, indi katikati ya kila uso. Katika joto la kawaida sumaku hizo huelekea ovyo. Ikipozwa hadi nyuzi 263 chini ya sifuri, ghafla hujipanga, kila moja ikielekea kinyume na jirani yake. Kwa kuwa zinafutana, fuwele haivuti hata msumari.

Sumaku hizo hupatanaje na zimetengana? Kazi hiyo hufanywa na elektroni zinazozurura ndani ya metali, mfano wa bodaboda wanaopeleka habari nyumba hadi nyumba. Lakini elektroni hizo hizo zinaweza kuing'ang'ania seri moja na kuizingira mpaka usumaku wake usisikike nje. Bodaboda akizuiliwa uani, jirani hapati habari. Mwaka 1977 mwanafizikia Sebastian Doniach alionyesha kuwa hatima ya metali za aina hii hutegemea nguvu ipi itashinda: ya kupashana habari au ya kuzingirwa.

Mtaalamu wa maabara anaweza kuuelemeza ushindani huo kwa kubadilisha atomi, na njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuondoa seri na kuweka lanthani, ambayo ina umbo linalokaribiana nayo ila haina ile elektroni ya pekee. Nyumba zinabaki, wenyeji hawapo. Mpangilio hudhoofika polepole, na huchukua zaidi ya nusu ya seri kuondolewa ndipo utoweke.

Njia ya pili haigusi seri hata kidogo. Hugusa indi, na mbadala wake ni stani, yaani metali ya bati. Madini yake huchimbwa Kikagati, katika wilaya hiyo hiyo ya Isingiro iliko Nakivale, na pia Mwirasandu, Ntungamo. Atomi ya stani huchangia elektroni moja zaidi ya indi, na seri huzidi kufungamana na elektroni zinazoizunguka. Ikibadilishwa takriban atomi moja ya indi katika kila tano, mpangilio wa sumaku umekwisha, ilhali seri zote zingali mahali pake.

Matokeo yanafanana, lakini vilivyobaki havifanani. Lanthani imepunguza sumaku zenyewe. Stani imezinyamazisha zikiwa hai. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu karibu na mahali mpangilio unapokufa metali hizi hufanya maajabu. Mwaka 1998 watafiti wa Cambridge waliubana mchanganyiko wa seri na indi kwa shinikizo la kama angahewa 25,000, bila kuchanganya atomi ngeni zinazovuruga fuwele. Mpangilio ulipozimika, metali ikaanza kupitisha umeme bila ukinzani wowote, kwenye baridi iliyokaribia kabisa sifuri halisi.

Hapo kabla, wataalamu waliamini kuwa atomi zenye usumaku ni sumu kwa hali hiyo. Mjerumani Frank Steglich ndiye aliyeutikisa uhakika huo mwaka 1979, alipoikuta katika mchanganyiko wa seri, shaba na silikoni. Kisha seri ikatolewa na kuwekwa lanthani isiyo na usumaku. Kama sumaku zingekuwa sumu, metali ingenufaika. Badala yake ule upitishaji umeme usio na ukinzani ulitoweka, kwa sababu sumaku zilizonyamazishwa ndizo zilizokuwa zikiuleta.